Bodi ya Shule na Ufunguo wa Bweni

Mzazi ampelekaye mwanawe katika shule ya sekondari ya bweni hudhani amemkabidhi mwalimu mkuu peke yake. Sivyo. Kila shule ya umma nchini Kenya yawekewa bodi ya usimamizi, nao wazazi wana viti vingi humo. Basi, tujifunze bodi hiyo ni nini, na yatupasa kuiuliza nini.

Nani waketi katika bodi? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yataja watu sita waliochaguliwa kwa niaba ya wazazi, mmoja aliyeteuliwa na bodi ya elimu ya kaunti, mmoja wa walimu, na watatu wa mfadhili wa shule, ambaye mahali pengi ni Kanisa. Wako pia mmoja wa makundi maalumu ya jamii na mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu. Hatimaye mwakilishi wa baraza la wanafunzi huingia kwa cheo chake.

Kazi yao ni nini? Wengi hufikiri ni kujenga madarasa na kuangalia fedha. Hayo ni kweli, lakini siyo yote. Sheria hiyo yawaagiza pia kutunza ustawi na usalama wa wanafunzi, kuheshimu haki zao, kuamua mashauri ya nidhamu, na kukuza desturi ya mazungumzo shuleni.

Kwa nini jambo hili ni zito? Mnamo Machi 1998 wasichana 26 walikufa kwa moto bwenini katika shule ya Bombolulu, pwani ya Kenya. Mnamo Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa makusudi. Kote kuwili madirisha yalikuwa na vyuma, na njia ya kutokea ilikuwa imefungwa. Vyuma huwekwa kuzuia wezi, na kufuli huwekwa kuzuia utoro. Lakini usiku wa moto vitu hivyo viwili havibagui mwizi na mtoto.

Kwa hiyo mwaka 2008 serikali ilitoa mwongozo wa usalama wa shule. Bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwamo ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2 au zaidi. Hata hivyo, mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilipatwa na moto. Maandishi peke yake hayafungui mlango.

Hapa ndipo kiti cha mwanafunzi kina maana. Mjumbe mtu mzima huliona bweni mchana, likiwa limefagiliwa. Mwanafunzi hulala humo. Ajua mlango upi hufungwa usiku, na nani aushika ufunguo. Ajua pia manung'uniko ya wenzake kabla hayajawa hasira. Akiogopa kusema mbele ya mwalimu mkuu, kiti chake ni pambo tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ninyi wazazi, mkutano ujao msiulize habari za karo na mitihani tu. Ulizeni haya matatu: Bodi ililikagua bweni lini, tena usiku? Ufunguo uko kwa nani, naye hulala wapi? Mwakilishi wa wanafunzi alisema nini kikao kilichopita, na alijibiwa nini? Bodi njema haitachukizwa na maswali hayo. Nayo isiyoweza kuyajibu yafaa iyatafutie majibu kabla jua halijatua.