Kabla ya Kuongeza Spika

Mwaka jana tulialikwa katika harambee ya kununua matangi ya maji. Kikundi cha akina mama kilichoandaa mkutano kilikuwa na amplifaya yake nzuri, iliyonunuliwa kwa michango ya miezi mingi, pamoja na spika mbili. Watu walipozidi kuwa wengi, vijana wakatumwa kuazima spika nyingine mbili ili hata walioketi chini ya miti ya mbali wasikie. Zikaungwa. Kwa muda wa nusu saa hivi mambo yalikuwa sawa kabisa, sauti imejaa uwanja. Halafu ikaanza kukwaruza, mtu wa karibu akasema ananusa kitu kinaungua, na mara kimya. Mgeni wa heshima alimaliza hotuba yake kwa kupaza sauti.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walilaumu stima, wengine wakasema amplifaya ilikuwa feki, na mzee mmoja alishikilia kwamba kijana wa mitambo alifungua sauti kupita kiasi. Hakuna aliyezilaumu zile spika za kuazima, kwa kuwa zilikuwa nzima na hata leo zinalia. Lakini ndizo zilizoiua, au tuseme ni ile njia ya kuziunga. Somo letu la leo ni hilo.

Geuza spika yoyote uangalie mgongoni. Utaona nambari mbili. Moja ni ya wati, yaani nguvu ambayo spika inaweza kubeba bila kuharibika. Nyingine inafuatwa na alama iliyo kama kiatu cha farasi, Ω, nayo husomwa omu. Mara nyingi ni 8 au 4. Watu huuliza wati wakati wa kununua, na hii nyingine hawaijali. Nayo ndiyo inayoeleza ukinzani wa spika, yaani jinsi inavyouzuia umeme unaotoka kwa amplifaya usipite ovyo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akiona 8 na 4, anadhani ya 8 ndiyo mzigo mzito. Ni kinyume! Nambari ikiwa ndogo, kizuizi ni kidogo, umeme unapita mwingi, na amplifaya ndiyo inayopaswa kuutoa. Tufanye hesabu kidogo, na wale waliosoma fizikia watukumbushe. Tuseme amplifaya inasukuma volti 20. Ikikuta spika ya omu 8, umeme unaopita ni 20 gawanya kwa 8, yaani ampea 2.5, na nguvu ni wati 50. Ikikuta omu 4, inapita ampea 5, wati 100. Ikikuta omu 2, ampea 10, wati 200. Kitasa cha sauti hujakigusa, lakini kazi imekuwa mara nne.

Sasa, ukichukua spika mbili za omu 8 ukaziunga zote mahali pamoja, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, hupati omu 16. Unapata 4. Ni kama tangi la maji: ukifungua bomba la pili, maji hutoka mengi zaidi, hayapungui. Spika nne zikiungwa hivyo ni omu 2. Amplifaya ya wale akina mama ilikuwa imeandikwa nyuma, kwa maandishi madogo, isipewe chini ya omu 4. Na kile kilichofanya vijana wafurahi mwanzoni, ile sauti iliyojaa uwanja, ndicho kilichokuwa kinaimaliza. Ndani yake kuna transista zinazosukuma umeme kwenda kwa spika, zimefungwa kwenye bati lenye mapezi ili joto litoke. Umeme ukizidi kipimo, joto linazidi lile ambalo bati linaweza kuondoa, na transista zinapasuka. Amplifaya nyingine za siku hizi hujizima zenyewe kabla ya kufika hapo. Ikijizima usiiwashe tena na tena eti imelala. Kwanza punguza spika.

Tena, nyuma ya amplifaya nyingine kuna mashimo ya spika yaliyoandikwa A na B. Watu hudhani ni mizigo miwili tofauti. Nyingi kati yake huunganisha A na B ndani kwa ndani, kwa hiyo ukiwasha zote mbili hesabu ni ile ile. Soma kilichoandikwa hapo.

Je, spika nne haziwezekani? Zinawezekana. Unga mbili kwa mfululizo: waya kutoka upande wa kujumlisha wa amplifaya uingie kujumlisha ya spika ya kwanza, kutoa yake iende kwa kujumlisha ya spika ya pili, na kutoa ya pili irudi kwa amplifaya. Hapo 8 na 8 ni 16. Fanya hivyo kwa zile nyingine mbili, kisha unga hizo jozi mbili sambamba. Utapata omu 8, mzigo ambao amplifaya ile ingeubeba siku nzima. Spika ziwe za aina moja, na ujue kwamba moja ikifa, mwenzake katika jozi naye ananyamaza. Sauti haitakuwa kubwa kama ya ile nusu saa ya kwanza, lakini itafika mwisho wa mkutano.

Zile spika za honi zinazofungwa juu ya nguzo zina sheria yake. Nyingi hubeba transfoma ndogo, na huungwa kwenye shimo la amplifaya lililoandikwa 100V. Huko unajumlisha wati badala ya omu. Amplifaya ya wati 60 itabeba honi nne zilizowekwa kwenye wati 15 kila moja, si zaidi. Spika ya kawaida ya omu 8 isiyo na transfoma usiiunge hapo hata kwa kujaribu.

Mfumo huo wa volti 100 una faida nyingine pale spika inapokuwa mbali. Waya mwembamba wa shaba wa milimita nusu mraba, ukiuvuta mita 50, umeme unakwenda na kurudi mita 100, na waya peke yake una omu 3 na nusu hivi. Kwa spika ya omu 8, karibu theluthi ya nguvu inaishia kupasha waya joto. Kama huna honi, tumia waya mnene au sogeza amplifaya karibu.

Ukiwa na mita ya fundi, pima spika kabla ya kuiunga. Usishtuke ukiona 6 kwa spika iliyoandikwa 8, au 3 na kitu kwa ile ya 4. Mita inapima waya uliozungushwa ndani tu, na ukinzani wa spika ikilia hubadilika kulingana na sauti nene au nyembamba. Lakini ukiona 0 au 1, hiyo ni shoti, iweke kando.

Na fyuzi ikikatika, tafadhali, si karatasi ya sigara! Tumeifungua ile amplifaya pamoja na fundi, na hiyo karatasi tuliikuta ndani, imekunjwa vizuri kabisa. Fyuzi yenyewe ingegharimu pesa kidogo sana kando ya zile transista nne zilizobadilishwa.