Majani Yakigeuka Njano, Usikimbilie Maji

Mmea wa kutambaa wenye majani ya kijani yaliyochanganyika na njano au meupe, ambao wauza miche wengi huuita mani planti, ni wa kawaida kwenye baraza na sebule za Kilifi na Malindi. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika bahari ya Pasifiki, kwa hivyo joto la Pwani haliusumbui. Maji ndiyo huuua.

Jani likigeuka njano, mwenye nyumba huongeza maji. Likizidi, huongeza tena. Kabla ya kufanya hivyo, atie kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Akihisi unyevu, aache. Udongo uliojaa maji hukosa hewa na mizizi huoza, na mzizi uliooza haunywi. Ndiyo sababu mmea hunyauka kama wenye kiu ilhali umesimama majini. Ung'oe, kata mizizi myeusi iliyolainika, kisha uupande upya katika chombo kilichotobolewa chini. Mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza na moja ya mchanga wa mtoni unatosha. Mchanga wa ufuoni usitumike, una chumvi.

Chumvi ni tatizo letu hasa. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya magadi, na mifereji inapokauka hayo ndiyo yanayotumika. Dalili zake ni tofauti na za kuoza: ncha na kingo za majani hukauka na kuwa kahawia, na utando mweupe hutokea juu ya udongo. Mwagia maji ya mvua polepole mpaka yatoke chini, subiri kidogo, kisha rudia mara mbili. Anayekinga maji ya paa wakati wa masika anaweza kuuwekea mmea akiba ya mtungi mmoja, mradi mtungi ufunikwe.

Majani mapya yakitoka kijani kitupu, mmea umekosa mwanga. Sehemu nyeupe haziwezi kujitengenezea chakula, hivyo mmea ulio gizani huziacha. Usogeze karibu na dirisha, lakini si kwenye jua kali la mchana, kisha kata tawi la kijani hadi juu ya jani la mwisho lenye madoa. Wadudu weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja. Rudia kila wiki hadi waishe.

Wapo wanaoukuza mmea huu ndani ya chupa ya maji. Hapo suala si ua peke yake. Mbu anayeeneza homa ya dengi, ugonjwa uliozuka Mombasa mwaka 2013 na tena 2021, hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama majumbani, na kwa joto letu yai huweza kuwa mbu katika muda wa wiki moja hivi. Badilisha maji mara mbili kwa wiki na usugue chupa kwa ndani, kwani mayai hunata ukutani. Kisahani kilicho chini ya chungu nacho kimwagwe.

Mmea huu ni wa ukoo mmoja na majimbi, na kama majimbi mabichi, utomvu wake huwasha. Mtoto akiutafuna, mdomo na ulimi huuma na kuvimba. Msukutue kwa maji safi, usimlazimishe kutapika, na akishindwa kumeza au kupumua vizuri apelekwe hospitali mara moja. Chombo kitundikwe juu, na matawi yakishuka hadi mkono wa mtoto unapofika, yakatwe. Kila kipande chenye fundo kinaweza kupandwa upya.