Kuagiza Lebo na Vifungashio: Yanayopaswa Kuamuliwa Kabla ya Mashine Kuwashwa

Bidhaa nyingi za wajasiriamali wa kata huanza kuuzwa kwa jirani, na jirani haulizi lebo. Anamfahamu aliyesaga unga, amemwona aliyerina asali, na chupa ya maji iliyosafishwa inamtosha. Hali hubadilika siku bidhaa inapopelekwa kwenye duka la mjini au kwenye maonesho ya Nane Nane. Mnunuzi wa huko hamjui mtengenezaji, na kitu pekee kinachozungumza kwa niaba yake ni karatasi iliyobandikwa kwenye kopo. Hapo ndipo kikundi hukimbilia kwa mchapaji, mara nyingi kikiwa na picha iliyopigwa kwa simu na fedha taslimu mkononi.

Fedha hizo si za kuchezea. Vikundi vingi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hufanya kazi kwa mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Mkopo huo hauna riba, lakini una marejesho. Lebo elfu kumi zenye kosa moja haziuziki kwa yeyote, hata kwa bei ya kutupa, na marejesho hayazisubiri. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kuagiza lebo hufanyika mezani, kwa rula, mizani na kalamu, kabla mchapaji hajapigiwa simu.

Jambo la kwanza ni chombo. Wapo wanaochapisha lebo kwanza kisha wakatafuta chupa, na matokeo yake ni lebo inayojikunja begani mwa chupa au inayofunika nusu ya kifuniko. Chombo kichaguliwe, kinunuliwe, na muuzaji wake aulizwe kama ataendelea kuwa nacho kwa mwaka mzima. Ndipo kipimwe. Uzi au kipande cha karatasi huzungushwa kwenye chupa, kisha hunyooshwa juu ya rula; kopo lenye kipenyo cha sentimita 7 lina mzunguko wa takriban sentimita 22. Urefu wa kwenda juu hupimwa kwenye sehemu iliyonyooka tu, pasipo kuhesabu mahali panapopinda. Lebo inayozunguka chupa yote huongezewa milimita chache za kupandiana, lakini kwa asali ni busara kuacha nafasi wazi upande mmoja, kwa kuwa mnunuzi wa asali hupenda kuiona.

Karatasi ya kawaida ikatwe kwa vipimo hivyo, ibandikwe kwenye chombo kilichojaa bidhaa na itazamwe kutoka umbali wa hatua mbili. Jaribio hilo halina gharama, na hufichua makosa mengi kuliko kioo cha kompyuta.

Jambo la pili ni maneno, na hapa ndipo palipo na uzito zaidi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinataka lebo ioneshe jina la chakula, orodha ya viambato, kiasi kilichomo, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotoka, utambulisho wa toleo, tarehe, na maelekezo ya kuhifadhi na kutumia. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilichotumika kwa wingi kikitangulia. Unga wa lishe wenye mahindi, soya na karanga hauwezi kuanza na karanga kwa sababu tu karanga zinavutia wateja. Tena soya na karanga huwadhuru watu wenye mzio, kwa hiyo zitajwe waziwazi, si kufichwa ndani ya neno "nafaka".

Kiasi kilichomo huwapoteza wengi. Uzito unaotakiwa ni wa bidhaa peke yake, bila chombo. Mtengenezaji hupima kopo tupu, hupima kopo lililojaa, kisha hutoa. Isitoshe, ujazo wa chupa si uzito wa kilichomo: chupa ya nusu lita ikijazwa maji hubeba gramu 500, ikijazwa mafuta ya alizeti hubeba takriban gramu 460, na ikijazwa asali hubeba takriban gramu 700. Aliyeandika "gramu 500" kwenye chupa ya nusu lita ya asali kwa sababu chupa yenyewe ni ya nusu lita, anampa kila mnunuzi gramu 200 bila malipo. Aliyeandika hivyo hivyo kwenye chupa ya mafuta anampunja mnunuzi, na Wakala wa Vipimo hukagua vipimo vya bidhaa zilizofungashwa kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340.

Madai ya tiba yaachwe. Lebo ya chakula hairuhusiwi kudai kwamba bidhaa inatibu au kuzuia ugonjwa, na asali "inayoponya vidonda vya tumbo" hukwama mapema katika ukaguzi, hata kama kila mzee kijijini anaamini hivyo. Lebo ya asali ingefaa zaidi kubeba sentensi moja yenye manufaa, kwamba asali haifai kupewa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Nembo ya ubora ya TBS haichapishwi kwa matumaini. Tangu Julai 2019, masuala ya usalama wa chakula na vipodozi yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Nembo hutumiwa na mwenye leseni peke yake, kwa bidhaa iliyotajwa katika leseni, na kuitumia bila leseni ni kosa la jinai. Mjasiriamali mdogo huanza kwa kupata barua ya utambulisho kutoka SIDO, ambayo ina ofisi mikoani, kisha hupeleka maombi TBS. Wakati maombi yanashughulikiwa, lebo zichapishwe kwa kiasi kidogo pasipo nembo, na nafasi yake iachwe katika mchoro. Siku leseni inapotoka, mchoro hubadilishwa mahali pamoja tu.

Jina nalo lina mitego yake. Kusajili jina la biashara BRELA hakulifanyi kuwa alama ya biashara. Hayo ni maombi mawili tofauti, na mtu mwingine anaweza kuwa amekwisha kusajili alama inayofanana. Utafutaji wa jina ufanywe kabla ya kumlipa mchoraji, maana jina ndilo lenye herufi kubwa kuliko zote kwenye lebo.

Halafu upo msimbomilia, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani. Maduka makubwa huudai, ilhali duka la kijijini halina haja nao. Namba hutolewa na GS1 Tanzania, na zile zinazoanza na 620 ni za uanachama wa Tanzania. Msimbomilia haubebi bei wala haueleza ubora. Ni namba ya kuitambua bidhaa tu. Kuazima namba ya kikundi kingine hufanya mashine ya duka isome asali na kuandika siagi ya karanga. Kwa mchapaji, mambo mawili yasisitizwe. Ukubwa wake wa kawaida ni takriban milimita 37 kwa 26, na haupunguzwi chini ya asilimia 80 ya hapo. Mistari isiwe myekundu, kwa kuwa mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, nao huiona rangi hiyo kama nyeupe. Mistari myeusi juu ya nyeupe haijawahi kumwangusha mtu.

Baada ya maneno kukamilika ndipo swali la idadi huja, na hapo bei ya mchapaji huweza kuvutia kupita kiasi. Uchapishaji wa kidijitali hauhitaji bamba, hivyo bei ya lebo moja hubaki karibu ile ile kwa lebo mia au elfu. Uchapishaji wa ofseti hudai gharama ya maandalizi mwanzoni, kisha kila lebo huwa rahisi. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba lebo ya kidijitali ni shilingi 200, na ile ya ofseti ni shilingi 60 pamoja na maandalizi ya shilingi 300,000. Lebo 1,000 zitagharimu shilingi 200,000 kwa kidijitali na 360,000 kwa ofseti. Lebo 10,000 zitagharimu milioni 2 kwa kidijitali na 900,000 kwa ofseti. Njia hizo mbili hulingana karibu na lebo 2,143.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haijakamilika mpaka mauzo yaingizwe. Kikundi kinachouza makopo 400 kwa mwezi kitamaliza lebo 10,000 baada ya miezi 25. Katika muda huo leseni ya TBS itaweza kutoka, namba ya simu kubadilika, chupa kuadimika sokoni, au mapishi kuongezewa kiambato. Shilingi 900,000 zimelala ndani ya boksi, wakati lebo 1,200 za kidijitali za miezi mitatu zingegharimu 240,000 na salio lingenunua malighafi. Bei ya chini kwa lebo moja humfaa aliyekwisha kutulia katika soko. Kwa anayeanza, ni vigumu kuitetea.

Mifuko iliyochapishwa moja kwa moja ni ghali zaidi kuianza, kwa sababu kila rangi hudai bamba au silinda yake na viwanda hupokea oda kubwa. Njia inayotumiwa na wengi ni kununua mifuko mitupu ya kusimama yenye zipu, kisha kubandika stika. Ichaguliwe kwa kuitazama bidhaa: unga huharibiwa na unyevu, na siagi ya karanga huchacha mapema ikipigwa na mwanga. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya kubebea, na vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa viliachwa nje yake. Hata hivyo, kifungashio kisicho na lebo kikikutwa kinabebea bidhaa sokoni, mwenye nacho atapata shida kujieleza.

Mchapaji apewe faili, si picha. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Itumwe kama hati, au ipelekwe kwa flashi. Nembo ya upana wa sentimita 5 huhitaji takriban nukta 600 za upana ili isitoke na ukungu, na rangi ya usuli ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3. Rangi za kioo cha simu hutokana na mwanga, na za karatasi hutokana na wino, hivyo kijani kinachong'aa kwenye simu hupoa kinapochapishwa. Mkataba wa mchoraji useme wazi kwamba faili linaloweza kuhaririwa ni mali ya kikundi. Bila hilo, kubadilisha namba ya simu kutadai kuanza upya.

Tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo hazichapwi pamoja na lebo, kwa kuwa hubadilika kila mzigo. Huachiwa nafasi nyeupe. Nafasi hiyo isifunikwe kwa utando wa plastiki unaong'arisha lebo, maana wino wa kawaida wa muhuri hufutika juu yake kwa kidole.

Malipo yafuate ankara kifani inayotaja vipimo, aina ya karatasi, idadi, rangi, tarehe ya kukabidhi na nani atabeba gharama kosa likitokea. Kabla ya kazi kuanza, mchapaji atoe nakala ya majaribio kwenye karatasi yenyewe. Watu wawili waisome, mmoja wao asiwe mwandishi wa maneno hayo. Anayeyajua maneno kwa moyo husoma anachokikumbuka. Kila namba ya simu iliyopo kwenye nakala ipigwe. Nakala ikandikwe kwenye chupa, ipakwe bidhaa yenyewe, iachwe usiku mzima, kisha isuguliwe. Lebo isiyofunikwa hunywa mafuta na kugeuka kivuli, na gundi hafifu huachia chupa iliyotoka kwenye jokofu. Baada ya hapo sahihi iwekwe na malipo ya awali yafanyike, kwa risiti.

Wanaohitaji barua ya kuwatambulisha SIDO au msaada wa kusoma ankara waanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata au katika ofisi ya Biashara ya Halmashauri, wakiwa na chombo kitupu, chombo kilichojaa, na maneno ya lebo yaliyoandikwa kwa mkono.