“Rezo haiko”: kauli moja, hitilafu nyingi

Anayeishi Masisi au Walikale, Kivu Kaskazini, huisikia kauli “rezo haiko” karibu kila siku. Mwanafunzi wa isimu ataona mambo mawili humo. Kwanza, neno rezo limetoholewa kutoka Kifaransa. Pili, kuna kiambishi -ko. Katika Kiswahili sanifu, -po huonyesha mahali mahususi, -mo huonyesha ndani, na -ko huonyesha mahali pasipo dhahiri. Katika Kiswahili cha Kivu, -ko imekwenda mbali zaidi: hutumika hata kama kitenzi kishirikishi, mtu akasema “niko mwalimu”. Kwa hiyo “rezo haiko” haitaji mahali popote. Makala hii inaonyesha gharama ya kutotaja mahali.

Nilijifunza hayo katika ofisi moja ya afya, teritwari ya Walikale, nilikoitwa kutafsiri barua za Kiingereza. Vituo vya vijijini vilileta ripoti za wiki kwa karatasi. Karani aliziingiza katika seva ya ofisi, nayo seva ikazituma kwenye mfumo ulio mbali wa DHIS2. Programu hiyo ina asili yake katika mradi wa Afrika Kusini wa miaka ya 1990, sasa inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Kongo inaitumia katika mfumo wake wa kitaifa wa taarifa za afya.

Wiki ile ripoti ilikuwa na wagonjwa wa surua, na haikutoka. Karani alimpigia simu fundi aliyekuwa Goma: “Papa, rezo haiko.” Fundi akaagiza muda wa setilaiti ulipiwe. Siku ya pili, kauli ileile. Akaagiza antena ielekezwe upya. Siku ya tatu aliuliza swali jingine: “Mama, kwenye kioo kumeandikwa nini? Soma yote.” Maneno yalikuwa ya Kiingereza, nikaitwa. Yalisema kwamba cheti cha usalama cha mfumo wa mbali hakijaanza kutumika. Tarehe ya seva ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa: umeme ulikuwa umekatika, na betri ndogo ya saa yake ilikuwa imekufa. Tulirekebisha tarehe, na ripoti ikaondoka papo hapo. Rezo ilikuwepo siku zote tatu.

Fundi alinifundisha maswali manne, yanayoulizwa kwa mpangilio kuanzia karibu kwenda mbali.

1. Je, kompyuta inaifikia seva ya ofisi? Tuma pingi, yaani ujumbe mfupi unaoomba jibu, kwa anwani ya seva. Jibu lisipokuja, angalia waya, swichi na umeme kabla ya kumlaumu mtu wa nje.

2. Je, seva inafika nje? Tuma pingi kwa anwani ya nambari iliyo kwenye intaneti, kwa mfano 8.8.8.8. Hapa tusichanganye “polepole” na “haiko”. Setilaiti tuli iko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe hupanda na kushuka, kisha jibu hupanda na kushuka: kilomita 144,000 hivi, karibu nusu sekunde hata kila kitu kikiwa kizima.

3. Je, jina linapata nambari? Nambari ikijibu lakini jina la mfumo halijulikani, njia ni nzima. Kilichoharibika ni huduma ya kutafsiri majina.

4. Je, mlango unafunguka? Mfumo wa aina hii hupokea wageni kwenye mlango namba 443. Tukipiga hodi tukakosa jibu, huenda ujumbe umepotea au kuna kizuizi kinachoutupa kimyakimya. Tukijibiwa “hapana”, mashine imefikiwa, ila mara nyingi programu yake haifanyi kazi. Mlango ukifunguka lakini cheti kikakataliwa, tazama tarehe kwanza. Tusisahau kwamba seva nyingine hupangwa zisijibu pingi. Hapo mlango ndio ushahidi.

Kila swali linaihamisha kauli kutoka -ko kwenda -po au -mo: hitilafu ipo hapa, au imo ndani ya seva. Fundi aliye Goma haoni kioo wala taa za ruta, na barabara ya kupitia Sake na Masisi hadi Walikale haimruhusu kuja kila mara. Ana sentensi tu za kufanyia kazi. Sentensi yetu ilipokosa mahali, waliopaswa kupanga chanjo walikaa siku tatu bila hesabu yetu.

Sisi wa kitivo cha lugha tunaweza kusaidia hapa. Zoezi langu kwa wenzangu ni hili: chukua ujumbe mmoja wa hitilafu, uandike kwa Kiswahili ambacho karani atakisoma kwenye simu bila kupunguza neno, na fundi akijua aangalie wapi. Pale ofisini karatasi ya kwanza ya namna hiyo imebandikwa ukutani juu ya seva. Mstari wake wa kwanza unasema: “Soma tarehe.”