Kuanza Kupiga Mbizi Maskati: Mwongozo kwa Mhamiaji Mzungumzaji wa Kiswahili

Kupiga mbizi kwa mtungi ni kukaa chini ya maji huku mtu akivuta hewa iliyoshindiliwa ndani ya chombo cha chuma au alumini anachokibeba mgongoni. Mafunzo ya shughuli hii yamesanifiwa kimataifa kiasi kwamba somo la kwanza linalotolewa Maskati halitofautiani sana na lile linalotolewa Nungwi au Diani, na cheti kinachopatikana katika mji mmoja hukubaliwa katika mji mwingine. Kisichosanifiwa ni bahari yenyewe, pamoja na kalenda, taratibu za serikali na jiografia ya nchi inayopakana na bahari hiyo. Kwa sababu hiyo, mhamiaji anayeanza kujifunza ugenini hana budi kuigawa kazi yake katika sehemu mbili, yaani kujifunza ufundi kutoka kwa mkufunzi na kujifunza nchi kwa juhudi zake mwenyewe, na sehemu hii ya pili ndiyo ambayo vitabu vya mafunzo huipitia juu juu. Makala haya yanaichukua Oman kuwa mfano, kwa kuwa ni nchi yenye pwani ndefu, yenye vituo vya kupiga mbizi vilivyo karibu na mji mkuu, na yenye wazungumzaji wengi wa Kiswahili, wakiwamo Waomani wa familia zilizoishi Zanzibar na kurejea baada ya mwaka 1964, na hasa baada ya mwaka 1970.

Uwepo wa Kiswahili nchini Oman humrahisishia mgeni mambo ya sokoni na ya mtaani, lakini haupaswi kumfanya atarajie kufundishwa kwa lugha hiyo. Kozi kwa kawaida hutolewa kwa Kiingereza au Kiarabu, na nadharia yake ina maelezo ya fizikia na ya mwili wa binadamu ambayo hayaeleweki kwa kubahatisha. Mwanafunzi asiyeimudu vyema lugha ya kozi atafanya jambo la busara akisoma sehemu ya nadharia mapema kwa njia ya intaneti, taratibu na kwa kurudia, kabla hajaingia bwawani, na akichagua mkufunzi ambaye yuko huru kumuuliza swali moja mara tatu. Kigezo hiki cha uhuru wa kuuliza kina uzito kuliko tofauti ya bei kati ya kituo na kituo. Chini ya maji ugumu wa lugha hupungua, kwa kuwa mawasiliano hufanyika kwa ishara za mikono, ingawa ishara nazo zina mitego yake: kidole gumba kilichoinuliwa, ambacho nchi kavu humaanisha kwamba mambo ni mazuri, humaanisha majini kwamba mtu anataka kupanda juu, na anayetaka kusema kwamba yu salama hana budi kuunganisha ncha za kidole gumba na cha shahada zifanye duara.

Hatua ya kwanza ni ya afya na karatasi. Kila kituo makini humpa mwanafunzi fomu ya maswali kuhusu moyo, mapafu, masikio, pumu, kifafa, upasuaji aliowahi kufanyiwa na dawa anazotumia. Jibu la ndiyo katika maswali fulani humlazimu kupata idhini ya daktari kabla ya kuingia majini, na wapo wanaoshawishika kujibu hapana kila mahali ili wasipoteze siku ya mapumziko, jambo ambalo ni hatari tupu, kwa sababu pumu ambayo nchi kavu hutulizwa kwa dawa ya kuvuta inaweza kumnasia mtu hewa mapafuni wakati anapopanda juu. Sambamba na fomu hiyo, mfanyakazi wa kigeni anapaswa kusoma masharti ya bima ya afya aliyokatiwa na mwajiri, kwa kuwa bima nyingi za namna hiyo huiweka michezo ya hatari nje ya malipo. Kabla ya kulipa ada, aulize pia ni wapi ilipo chemba ya kanieneo iliyo karibu, yaani chumba maalumu cha chuma ambamo mpiga mbizi aliyeumia huwekwa chini ya mgandamizo mkubwa wa hewa ili atibiwe, na kituo kisichoweza kulijibu swali hilo papo hapo hakistahili kulipwa.

Kuogelea ni sharti, ingawa si kwa kiwango cha mashindano. Katika kozi ya awali ya PADI, shirika la mafunzo lililoanzishwa mwaka 1966, mwanafunzi huogelea mita 200 bila kikomo cha muda na kuelea kwa dakika 10 bila msaada. Mtu aliyelelewa mbali na bahari, kama vile Gitega au Dodoma, anaweza kutimiza hayo baada ya mazoezi ya kutosha bwawani, na ni afadhali ayafanye mazoezi hayo kabla ya kujiandikisha kuliko kujifunza kuogelea na kupiga mbizi kwa pamoja. Wanawake wanaotaka kufundishwa na mwanamke, au wanaojali stara, watafanya vyema kulisema hilo tangu siku ya kuuliza bei. Suti ya mpira inayovaliwa dhidi ya baridi hufunika mwili kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, na kofia ya mpira wa aina hiyohiyo hufunika nywele.

Kiini cha kozi nzima ni uhusiano kati ya kina na hewa. Juu ya maji mwili hubeba kanieneo ya angahewa moja, na kila mita 10 za kwenda chini huongeza kiasi kingine kama hicho, hivyo katika kina cha mita 10 kanieneo huwa mara mbili na katika mita 20 huwa mara tatu. Kanuni inayohusishwa na jina la Robert Boyle, aliyeitangaza mwaka 1662, inaeleza kwamba ujazo wa gesi hupungua kadiri kanieneo inavyoongezeka, nayo ndiyo inayofafanua karibu kila sheria ambayo mwanafunzi huamriwa kuifuata. Hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio husinyaa mtu anaposhuka, kwa hiyo hana budi kubana pua na kupuliza polepole ili apeleke hewa ya ziada masikioni, tena aanze kufanya hivyo kabla hajahisi maumivu na aendelee karibu kila mita. Akichelewa, hatakiwi kulazimisha, bali apande kidogo, asawazishe, kisha ashuke upya. Mwenye mafua hapaswi kushuka kabisa.

Kanuni hiyohiyo huzaa katazo kubwa kuliko yote, nalo ni kutoibana pumzi. Mpiga mbizi anayevuta hewa ya mtungi katika mita 10 huwa amejaza mapafu kwa hewa ambayo, akipanda nayo hadi juu bila kuitoa, itahitaji nafasi mara mbili, na mapafu hayawezi kutanuka kiasi hicho bila kupasuka. Wale waliozoea kuzama kwa pumzi moja, kama wafanyavyo wavuvi wa pweza na watoto wa pwani, hukabiliwa hapa na ugumu usiowapata wasiojua bahari kabisa, kwa sababu mazoea yao yote yanawafundisha kuishika pumzi, ilhali mtungi unawataka waiachie daima. Kifaa kinachowezesha upumuaji huo huitwa rigyuleta, nacho hupunguza mgandamizo mkali wa hewa ya mtungini hadi ulingane na ule wa maji yanayomzunguka mtu. Umbo lake la kisasa lilianzia Ufaransa mwaka 1943 katika kazi ya Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan.

Kuhusu vifaa vingine hakuna haja ya maneno mengi. Mtungi, rigyuleta, jaketi la kuelea (ambalo hujazwa au kupunguzwa hewa ili mtu asizame wala kupaa) na kompyuta ya mkononi inayohesabu kina na muda hukodishwa kituoni. Miwani ya kuzamia inayobana vizuri usoni ndiyo ya kununuliwa mapema, na asiyeona vizuri bila miwani ya daktari anaweza kuwekewa lenzi zake humo.

Bahari ya Oman inahitaji kusomwa upya hata na mtu wa Tanga au Lamu, ingawa pepo zake ni zilezile zilizokuwa zikisukuma majahazi kati ya pwani hizo mbili. Upepo wa kusi, unapofika kusini mwa Oman kati ya Juni na Septemba, hulisukuma tabaka la juu la maji mbali na pwani na kuyaruhusu maji baridi ya kilindini kupanda, hivyo eneo hilo la kusini, yaani Dhofari, huwa na ukungu, mawimbi makali na mwani mrefu wa maji baridi mahali ambapo mgeni angetarajia matumbawe matupu. Maskati haiko chini ya athari hiyo moja kwa moja, lakini ina jambo lake: wakati wa kiangazi maji ya juu hupata joto la nyuzi 30 na zaidi, huku chini yake kukiwa na tabaka baridi lenye mpaka wa ghafla unaoitwa themoklaini, ambapo joto huweza kushuka kwa nyuzi kadhaa ndani ya mita moja au mbili. Anayekataa suti nene kwa kuwa jua la Julai linachoma hutetemeka kabla hewa yake haijafika nusu. Miezi ya Aprili, Mei, Oktoba na Novemba humfaa anayeanza. Mwezi wa Ramadhani haufai kwa kozi kwa mtu anayefunga, si kwa sababu tu ya maji yanayoweza kumezwa, bali pia kwa kuwa mwili uliokaukiwa maji hudhaniwa kuwa katika hatari zaidi ya maradhi ya kupungua kwa kanieneo, ambayo yataelezwa hapa chini.

Mazoezi ya kwanza ya baharini yanafaa kufanyika Bandar Khayran, mashariki ya Maskati, ambako miamba huzikinga ghuba ndogo dhidi ya mawimbi. Visiwa vya Daymaniyat vilivyo mkabala na Barka na Seeb, ambavyo ni visiwa tisa vilivyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1996, vina matumbawe mazuri zaidi, ng'amba na kasa wengine, na nyakati za mwisho wa kiangazi papa potwe. Kuviendea kunahitaji kibali cha serikali, ambacho vituo huwashughulikia wateja wao, na kukanyaga fukwe zake huzuiwa kuanzia Mei hadi Oktoba ili kasa watage na ndege wazaliane bila bughudha. Meli ya jeshi la majini iitwayo Al Munassir, iliyozamishwa kwa makusudi karibu na Bandar Khayran mwaka 2003 ili iwe makao ya samaki, huwavutia wageni wengi kwa picha zake, lakini imelala katika kina cha takriban mita 30, ilhali cheti cha kwanza humruhusu mtu kufika mita 18 tu. Inaweza kungoja.

Hatari ambayo ni ya Oman hasa haiko baharini, bali milimani. Naitrojeni iliyo katika hewa ya mtungi huyeyuka ndani ya damu na misuli kwa wingi zaidi kadiri mtu anavyokaa chini, na huhitaji saa nyingi kutoka taratibu kwa njia ya mapafu. Kanieneo inayomzunguka mtu ikipungua haraka, gesi hiyo hufanya viputo mwilini vinavyoweza kuleta maumivu ya viungo, ganzi, kupooza au kifo, na hayo ndiyo maradhi ya kupungua kwa kanieneo. Kwa ajili hiyo wapiga mbizi hupanda juu polepole, husimama dakika 3 katika kina cha mita 5, na hushauriwa wasisafiri kwa ndege kabla ya saa 12 kupita baada ya mbizi moja, au saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Shauri hilo la ndege hujulikana na wengi. Linalosahaulika ni kwamba kuongezeka kwa urefu kutoka usawa wa bahari ndiko kunakodhuru, iwe mtu amepanda kwa ndege au kwa gari. Uwanda wa Saiq katika Jabal Akhdar una urefu wa takriban mita 2,000, ambao haupishani sana na kiwango cha hewa kinachodumishwa ndani ya ndege ya abiria, na barabara nzuri humfikisha mtu huko kutoka Maskati kwa saa chache. Mapumziko ya Oman huwa Ijumaa na Jumamosi, na mpango unaomjia mgeni kwa urahisi, yaani bahari Ijumaa na mlima alfajiri ya Jumamosi, ndio hasa usiofaa. Utaratibu ugeuzwe, mlima utangulie. Kwa upande wa likizo za nyumbani, tiketi ya Dar es Salaam au Nairobi ndiyo ikatwe kwanza, kisha siku nzima ya mwisho iachwe bila mbizi.

Baada ya cheti, kila mbizi huandikwa katika daftari pamoja na kina, muda, joto la maji na uzito wa risasi uliovaliwa mkandani, kwa kuwa takwimu hizo ndizo zitakazoombwa na kituo kingine. Mwenye cheti cha Maskati anayerejea likizo na kutaka kuzamia Mafia au Pemba atakutana na bahari ambamo tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvu hukaribia mita 4, kiasi kinachozidi alichokizoea Oman, na mikondo katika milango ya bahari huenda kasi vivyo hivyo. Akiwa Mafia, mbizi yake ya kwanza aiombe iwe ndani ya Ghuba ya Chole, maji yakiwa yamejaa, akiwa na mkufunzi wa mahali hapo, na mlango wa Kinasi auache hadi mkufunzi huyo atakapoona kwamba yuko tayari.