Kutoka Bahari Angavu hadi Maji ya Tope: Fizikia ya Mzamiaji

Vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Ukaguru, upande wa Mamboya katika wilaya ya Kilosa, huanza safari vikiwa na maji maangavu yanayoonyesha kila kokoto. Inapofika masika, maji hayo hayo hupita kwenye makonde ya mteremkoni, yakachukua udongo na kugeuka mekundu. Hatimaye huingia katika bonde la mto Wami, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi huko Saadani. Kwa hiyo mkazi wa Mamboya huyaona maji ya aina mbili katika mwaka mmoja: yale yanayopitisha nuru na yale yanayoizuia.

Tofauti hiyo ni jambo kubwa kwa mzamiaji. Watu wengi hujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa huko Unguja, Pemba au Mafia, penye miamba ya matumbawe, maji ya vuguvugu na mwoneko ambao siku njema hufika mita 20 au zaidi. Lakini maafa mengi yanayohitaji wazamiaji hutokea bara. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, ikapoteza mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Kilosa yenyewe ilikumbwa na mafuriko makubwa ya mto Mkondoa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010. Mzamiaji aliyezoea matumbawe akiitwa mahali pa namna hiyo, ni lazima ajifunze upya. Makala haya yaeleza sababu zake kwa kutumia fizikia ya shule ya sekondari.

Nuru ndani ya tope

Maji safi hufyonza nuru nyekundu kwanza. Ndiyo maana kilindini vitu vyote huonekana vya buluu. Maji ya tope yana jambo la ziada: chembe za udongo na mwani hutawanya nuru kila upande. Mzamiaji akiwasha tochi mbele ya uso wake, nuru hupiga chembe hizo na kumrudia machoni, kama taa za gari zinavyomrudia dereva katika ukungu wa milimani. Dawa yake si kuongeza ukali wa tochi, bali kuishika pembeni, mbali na mstari wa macho.

Miwani ya kuzamia nayo ina udanganyifu wake. Nuru hupinda inapotoka majini na kuingia katika hewa iliyomo ndani ya miwani, hivyo kitu kilicho umbali wa mita 4 huonekana kana kwamba kiko mita 3. Katika tope, kwa kuwa kitu huonekana kwa ukungu, mara nyingi akili hukosea kinyume chake na kukidhania kuwa mbali zaidi. Basi jicho halitegemewi tena, na mkono huchukua nafasi yake. Mzamiaji hufunga kamba kwenye nanga, hushika ncha ya pili na kupapasa kwa kuzunguka duara. Akimaliza duara moja, huongeza urefu wa kamba. Mwenzake aliye juu hushika kamba nyingine, nao huongea kwa mivuto waliyokubaliana kabla ya kushuka. Asipojua juu ni wapi, huhisi kwa mkono mapovu yake yanakokwenda, kwa maana mapovu hayakosei njia.

Baridi

Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Bahari ya Unguja huwa na nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi kwa mwaka. Ziwa Viktoria huwa na nyuzi 23 hadi 27 hivi. Tofauti yaonekana ndogo, lakini na ikadiriwe. Mwili una nyuzi 37. Katika bahari yenye nyuzi 28, tofauti ni nyuzi 9. Katika ziwa lenye nyuzi 24, tofauti ni nyuzi 13. Kwa kuwa kasi ya kupoteza joto hufuata tofauti hiyo, mzamiaji wa ziwani hupoteza joto kwa kasi inayokaribia mara moja na nusu. Kazi ya saa nzima humfanya atetemeke, vidole vife ganzi na fikra zipungue wepesi, hasa pale anapohitaji kufungua fundo asiloliona.

Kwa sababu hiyo huvaa vazi la mpira lenye vijipovu vya gesi. Hata hivyo vijipovu hivyo hutii kanuni ya Boyle: kanieneo ikiongezeka maradufu, ujazo wa gesi hupungua nusu. Katika kina cha mita 10 vazi huwa jembamba, na uwezo wake wa kuzuia baridi hupungua.

Hewa ya mtungi

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi angahewa 200 una hewa ya lita 2,400 ikipimwa juu ya maji. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika angeitumia kwa dakika 120. Katika kina cha mita 20 kanieneo ni angahewa 3, naye hutumia lita 60 kwa dakika. Mtungi hudumu dakika 40. Baridi na hofu ya giza vikimfanya apumue mara mbili zaidi, hubaki dakika 20 tu. Kwa hiyo utulivu wa moyo ni sehemu ya hesabu.

Chumvi, risasi na mwinuko

Densiti ya maji ya bahari ni kilogramu 1,025 kwa mita ya ujazo. Ya maji baridi ni 1,000. Mzamiaji ambaye pamoja na vifaa vyake ana uzani wa kilogramu 100, akielea sawasawa baharini, ana ujazo wa lita 97.6. Ziwani lita hizo husukuma kilogramu 97.6 tu za maji. Hana budi kupunguza takriban kilogramu 2.4 za risasi katika mkanda wake, la sivyo atazama kama jiwe na kutibua tope lote la chini. Akivaa vazi nene zaidi, hesabu hubadilika tena, maana vazi humwinua.

Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni takriban kilopaskali 88, si 101. Katika kina cha mita 20 ziwani, kanieneo yote ni 88 + 196 = 284. Mzamiaji akirudi juu, kanieneo hupungua kwa uwiano wa 284 kwa 88, yaani mara 3.2. Baharini, kina hicho hicho huleta 302 kwa 101, yaani mara 3.0. Naitrojeni iliyoyeyuka katika damu hutoka kwa kufuata uwiano huo. Ukizidi, hutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa kwa ghafla, nayo huumiza viungo na mishipa ya fahamu. Mita 20 za ziwani ni sawa na mita 22 na zaidi za baharini, na majedwali ya baharini hayafai bila kusahihishwa. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyezamia pwani asubuhi asipande ndege wala kusafiri kwenda milima ya Ukaguru siku hiyo hiyo.

Hewa iliyonaswa

MV Bukoba ilipopinduka, hewa iliyonaswa ndani ndiyo iliyoendelea kuieleza. Ubavu wake ulipotobolewa ili kuwaokoa watu, hewa ilitoka, maji yakachukua nafasi yake, na meli ikashuka chini. Kanuni ya Archimedes haikufanya huruma. Miaka 22 baadaye, siku ya pili baada ya MV Nyerere kupinduka, wazamiaji walimtoa mhandisi mmoja akiwa hai kutoka chumba chenye hewa.

Hewa ya namna hiyo hudumu kwa muda gani? Chukua, kwa mfano tu, chumba chenye mita 10 za ujazo, yaani lita 10,000. Mtu aliyetulia hutoa takriban lita 0.2 za kaboni dayoksaidi kwa dakika. Gesi hiyo ikifika asilimia 5, yaani lita 500, kupumua huwa taabu kubwa. Muda wake ni 500 ÷ 0.2 = dakika 2,500, au saa 42 hivi. Ndiyo maana msako usikatishwe mapema, na chombo kilichopinduka kisitobolewe kabla ya kupimwa.

Jaribio la darasani

Mwaka 1865 padre na mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, alipima uangavu wa bahari kwa kisahani cheupe. Wanafunzi waweza kufanya hivyo kwa mfuniko wa sufuria wenye kipenyo cha sentimita 20, uliopakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa robo robo, na kufungwa jiwe na kamba yenye mafundo ya kila sentimita 10. Wakiwa darajani pamoja na mwalimu, waushushe mpaka usionekane na kuandika kina. Warudie kiangazi na masika, kisha wachore grafu pamoja na mvua ya kila mwezi.

Na ieleweke kuwa mtu anayezama haokolewi kwa kujitosa. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri hubeba karibu kilogramu 19, na mtu aliye majini huhitaji chache tu ili kichwa kibaki juu. Rusha dumu lenye kamba, kisha piga simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Maswali

1. Mtungi wa lita 15 una hewa ya angahewa 200. Utadumu dakika ngapi katika kina cha mita 30 baharini kwa mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji?

2. Kanieneo ya hewa juu ya Ziwa Tanganyika ni takriban kilopaskali 92. Tafuta uwiano wa kanieneo kwa kina cha mita 20, kisha ulinganishe na wa Ziwa Viktoria.

3. Kwa nini tochi kali zaidi yaweza kupunguza mwoneko katika tope?

4. Taja njia mbili za kulima mteremkoni ambazo zingefanya kisahani kionekane chini zaidi wakati wa masika.