Mbwa, Mlima na Bonde: Mwongozo wa Matembezi Marefu kwa Wakazi wa Ihembe

Ihembe mbwa hafungwi kamba akatembezwa, anafuata mwenyewe. Mchungaji akiwatoa ng'ombe asubuhi kwenda rweya, yaani kwenye nyasi za malisho, mbwa wawili watatu wako nyuma yake. Watoto wakishuka bondeni kuchota maji, mbwa ametangulia. Vijana wanaopanda mgongo wa mlima, wakateremkia upande wa pili, wakapita kijiji cha jirani na kurudi jioni kwa njia nyingine, huzunguka na mbwa wao mwanzo hadi mwisho. Mbwa huyo ametembea zaidi yao, maana hapiti kichaka bila kukinusa.

Matembezi hayo ni mazuri kwa mtu na kwa mbwa, na hakuna anayetaka yakome. Ila mzunguko mmoja wa kutwa hupita kwenye miji ya watu wengi, na kila mji una mbwa wake anayelinda. Mbwa wako atabweka, atabwekewa, pengine ataumana na mwenzake. Ndiyo maana chanjo ya mbwa mmoja ni habari ya vijiji vyote anavyopita.

Chanjo kwanza

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa kwenye mate. Karibu wagonjwa wote duniani, 99 kati ya 100, huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa ya kumponya. Hata hospitali kubwa haina. Lakini ugonjwa huohuo huzuilika kabisa, na chanjo yake ina zaidi ya miaka 130: Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa, na mtoto akapona. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, ni tarehe aliyofariki Pasteur.

Mbwa achanjwe kila mwaka. Watoto wa mbwa nao wapelekwe. Usiwaache nyumbani kwa kudhani bado wadogo, maana watoto wa mbwa ndio wanaoshikwashikwa na watoto wetu kuliko mbwa wakubwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Si lazima kumkamata kila mbwa wa mlimani, na kuwapiga risasi au kuwapa sumu hakusaidii: mbwa wapya huhamia palepale, nao hawajachanjwa.

Kisiwani Pemba chanjo ya mbwa ilizima kichaa mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena, ikabidi kuchanja upya mpaka kikazimika. Pemba imezungukwa na bahari. Karagwe, wilaya yetu, haina bahari. Ina njia za miguu kila upande, na ng'ambo ya Mto Kagera ni Rwanda. Kuchanja mara moja na kusahau hakutatufaa.

Mbwa wa kuogopa njiani

Wengi tunamjua mbwa mwenye kichaa kwa povu na ukali. Huyo ni rahisi kumkimbia. Wa hatari zaidi ni yule aliyepooza: amenyong'onyea, taya limelegea, mate yanachuruzika, hawezi kumeza. Mwenye huruma humdhania amekwamwa na mfupa, akamtia mkono mdomoni. Usifanye hivyo kamwe. Na msemo kwamba mbwa akinywa maji hana kichaa si kweli. Hofu ya maji humpata binadamu mgonjwa, lakini mbwa mwenye kichaa anaweza kunywa na hata kuvuka kijito.

Ukikutana na mbwa asiyejulikana kwenye mteremko, usikimbie wala usimkazie macho. Simama, mikono iwe mwilini, mwache anuse apite. Watoto wafundishwe hili mapema, maana mtoto anayekimbia huku akipiga kelele huchochea mbwa kumfukuza. Wafundishwe pia kutomsumbua mbwa anayekula au anayenyonyesha.

Adabu ya njia

Njia nyingi za Ihembe hupita katikati ya vibanja, yaani mashamba yanayozunguka nyumba. Piga hodi, mwite mbwa wako awe karibu kabla hujafika kwenye migomba, na usimwache afukuze kuku au mbuzi wa mwenye mji. Kuna majirani Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Mbwa asikaribie vyombo vyao wala mahali pao pa kuswalia. Wenye kahawa iliyoanikwa chini watakushukuru ukizunguka nje ya uwanja.

Bondeni, mbwa anywe chini ya mahali watu wanapochotea maji, si juu yake. Kipindi cha mvua za vuli na masika njia za bondeni hujaa tope na mbwa hurudi na kupe tele. Mkague masikio, kwapa na katikati ya vidole siku hiyohiyo. Kwenye mawe ya mlimani jua likiwa kali, kifutu hulala njiani bila kuhama, naye mbwa humkanyaga kwa kutazama mbele tu. Anza mapema, pumzika saa sita, tembea na maji. Mbwa hutoa joto kwa kuhema. Akihema kupita kiasi na kuyumba, mweke kivulini umlowanishe kwa maji ya kawaida.

Mbwa akiingia pangoni, usimfuate. Popo wa matunda wanaoishi mapangoni hubeba virusi vya Marburg, na Mkoa wa Kagera umepata mlipuko wa ugonjwa huo mara mbili, mwaka 2023 na tena 2025. Mwite kutoka nje, umsubiri.

Mahali ambapo mbwa hapiti

Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zilipandishwa hadhi mwaka 2019 kutoka mapori ya akiba. Mzunguko wako usiingie humo na mbwa. Wengine huona hili kama uonevu, nasi tunawaelewa, lakini sababu ipo: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliotoka kwa mbwa wa vijijini uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Kuwinda kwa kutumia mbwa bila idhini nako kumekatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama ni sungura tu, na hata kama mbwa ndiye aliyeanza.

Ukiumwa

Kwenye mkoba wa safari weka kipande cha sabuni. Kitu kidogo hicho ndicho cha thamani kuliko vyote ulivyobeba. Mtu akiumwa au akiparuzwa, au mate ya mbwa yakigusa kidonda, osha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika hizo ni nyingi kuliko unavyodhani, na wengi huacha kwenye ya pili. Osha hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa ni wa jirani unayemwamini. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa, na usilifunge jeraha kwa nguvu.

Kisha nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo, uelekezwe sindano zinakopatikana. Sindano si moja. Ukipewa tarehe za kurudi, rudi zote, hata kama jeraha limekwisha kukauka. Ugonjwa unaweza kukaa mwilini wiki kadhaa au miezi kabla ya kujitokeza, na kukauka kwa kidonda hakuhusiani na kupona. Mganga wa jadi anaweza kutuliza hofu, lakini hawezi kuviondoa virusi hivyo.

Mwarifu pia bwana mifugo au mwenyekiti wa kitongoji. Mbwa aliyeuma, akiwa na mwenyewe, afungwe na kuangaliwa siku 10, na mtu aliyeumwa asisubiri siku hizo ndipo aanze sindano. Mbwa akifa katika muda huo, usimchune, usimtupe bondeni na usimzike kabla bwana mifugo hajafika, kwa sababu kipimo huchukuliwa kwenye ubongo wake.